Baba mkwe anamlisha Mwalimu Nyerere maneno, nimwambieje?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule moja ya sekondari hapa Iringa. Nimeolewa, nina watoto wawili, na shida yangu inatoka kwenye simu ya baba mkwe.

Baba ana miaka 76. Alikuwa bwana shamba, amestaafu zamani, lakini kijijini kwake watu bado wanamfuata kumuuliza habari za mbegu na dawa za mahindi. Kwangu mimi amekuwa mzazi hasa. Nilipojifungua mtoto wa kwanza alipanda basi mwenyewe, na mguu wake unaomsumbua, kuja kumwona mjukuu. Nalisema hili mapema usije ukadhani nina kisasi naye.

Mume wangu alimnunulia simu janja ili awaone wajukuu. Akaingizwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, tuko zaidi ya watu 60, kuanzia Mufindi mpaka Dar es Salaam, na wengine wako Uarabuni. Tangu hapo kila alfajiri Baba anatuma picha ya Mwalimu Nyerere yenye maneno. Nyuma bendera, mbele Mwalimu na fimbo yake, chini maneno ndani ya alama za nukuu. Mengine ni mazuri. Mengine ni makali, na yanawasema watu wa chama fulani cha leo. Wiki iliyopita ilikuja moja ikidai kwamba Mwalimu, akiwaaga wananchi mwaka 1985, alionya kuwa siku vijana watakapoanza kuongozwa na simu zao za mkononi, nchi itakuwa imeshauzwa. Simu za mkononi, Mama, mwaka 1985! Watu wakaweka vikono vya kushukuru, na mmoja akaandika, "Mwalimu alikuwa nabii."

Hayo ningeweza kuyameza. Lakini mwezi uliopita alituma picha ya mbunge mmoja wa kike wa huku kwetu, ikiwa na maneno kwamba wakulima wanaolalamikia mbolea ya ruzuku ni wavivu waliozoea kudekezwa. Mkutano ule mwalimu mwenzangu alihudhuria, na video yake nzima nimeiona. Alichosema yule mama ni kwamba wapo watu wanaowaita wakulima wavivu waliozoea kudekezwa, na kwamba watu hao hawajawahi kushika jembe. Aliyetengeneza ile picha alichukua kipande cha mbele akaacha cha nyuma. Kwenye grupu matusi yakamiminika, mengine ya kumtukana kama mwanamke, hata ubunge wenyewe haukutajwa. Binamu wa mume wangu, ambaye kazi yake iko karibu na ofisi ya mbunge huyo, akaandika kwamba uongo una sheria yake na waliousambaza wajiandae.

Hapo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akamjibu baba yake mbele ya ukoo mzima. Akaweka video yote, akaandika, "Mzee, usiwe unasambaza vitu usivyovielewa," na vikatuni vya kucheka hadi machozi. Baba hakujibu. Alikaa siku kadhaa bila kutuma chochote, hata salamu, mpaka mama mkwe akapiga simu kuuliza tumemfanya nini mzee. Aliporudi, alirudi na Mwalimu yule yule. Picha ya mbunge hakuifuta. Na nikisema ukweli, huyo shemeji naye kila siku anatuma vipande vya hotuba za upande anaoupenda, vimekatwa katikati ya sentensi.

Mume wangu anasema, "Muache mzee, ndiyo starehe yake." Lakini wanafunzi wangu wameanza kuniletea maneno hayo hayo kwenye insha, "Kama alivyosema Baba wa Taifa." Nikiwauliza aliyasemea wapi, wananiambia wameyaona mtandaoni. Mmoja aliniambia ametumiwa na babu yake.

Nimwambieje mzee, mimi mkamwana? Hiyo sheria aliyoitaja binamu ni ya kweli au alikuwa anatutisha tu? Au nijitoe kwenye grupu nipumzike?

Mkamwana, Iringa


Marahaba mwanangu. Pole kwa grupu, na hongera kwa kupata mkwe wa aina hiyo.

Kinachokukera zaidi, naona, ni Mwalimu. Yule mbunge amepata aya moja kwenye barua yako. Mimi nitageuza. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Hagombei chochote, hana kura ya kupoteza, na heshima yake haitatikiswa na picha ya alfajiri. Yule mama yu hai. Anafungua simu yake asubuhi anakuta watu asiowajua wanamtukana kwa maneno aliyokuwa akiyapinga. Na ninyi watu 60 mliwekewa video nzima. Baba mkwe alijibiwa, shemeji alicheka, binamu alitisha, halafu kila mtu akaendelea na shughuli zake bila hata mmoja kuandika kwamba yule mama hakusema vile na waliomtukana wamrudishie heshima yake.

Ukataji wa namna ile ni wa zamani kuliko simu. Msemaji anaitaja hoja ya wapinzani wake ili aijibu. Mkataji anaichukua hoja na kuliacha jibu. Hakuna mwalimu, mhubiri wala wakili anayeweza kuukwepa, maana wote huongea hivyo. Wewe mwenyewe darasani ukisema, "Wajerumani walidai wamekuja kuleta ustaarabu," mtu akilitoa neno moja tu, "walidai", umeshakuwa mtetezi wa Wajerumani. Na hapa Iringa, kwenye nchi ya Mkwawa! Kwa hiyo mtu akikuletea maneno ya mwanasiasa yanayokuchemsha damu, tafuta kwanza yaliyotangulia na yaliyofuata. Picha ya maneno inakupa sentensi moja. Video ya sekunde 20 inakupa mbili. Zote mbili zinaweza kuwa za kweli herufi kwa herufi na bado zikawa uongo, na huo ndio ugumu wake, kwa sababu ukimwambia mtu ni uongo atakujibu, "Lakini si sauti yake hii?"

Kuhusu kuifuta, muda umepita. WhatsApp humruhusu mtu kufuta ujumbe kwa watu wote ndani ya siku mbili na ushee tu. Baada ya hapo akifuta anajifutia kwenye simu yake mwenyewe. Kwa hiyo msimlaumu mzee kwamba ameiacha. Huenda alijaribu ikamshinda. Kinachowezekana sasa ni kusahihisha, pale pale ilipotumwa.

Aandike mume wako. Wewe usiandike, na nitakuambia kwa nini baadaye. Aanze na maneno halisi ya mbunge, ndipo aseme kilichokatwa, halafu aweke video nzima na dakika ya kusikiliza. Jina la baba yake lisiwemo. Kitu kama hiki kinatosha: "Ndugu zangu, mheshimiwa aliwatetea wakulima, alisema wanaowaita wavivu hawajawahi kushika jembe. Ile picha iliyozunguka imechukua nusu ya sentensi. Video nzima hii hapa. Aliyeipeleka kwenye magrupu mengine naomba apeleke na hii." Asiiweke tena ile picha ya uongo hata kwa nia ya kuikanusha. Watu wengi hutazama picha na kupita, hawasomi kilichoandikwa chini yake, na mwisho wake mnakuwa mmeisambaza mara ya pili. Kama hapana budi ionekane, aipige mstari mwekundu mnene katikati kwanza.

Binamu hakuwa anatisha bure. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamhusu mtu anayechapisha taarifa za uongo au za kupotosha, kwa maandishi, picha au namna nyingine yoyote. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini soma na maneno mengine ya kifungu hicho: mtu awe anajua kwamba taarifa ni ya uongo, na awe na nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya umma. Mzee aliyeamini alichotumiwa hayuko mahali pamoja na kijana aliyekaa na kompyuta akaikata sentensi makusudi. Ila ukishawekewa video nzima huwezi tena kusema hukujua, ndiyo maana nasema kimya chenu hakiwasaidii. Mimi si mwanasheria, na kesi za namna hii hutegemea mengi yasiyoandikwa kwenye kifungu. Mume wako ampigie binamu simu, sauti kwa sauti, ayamalize kindugu kabla hayajawa ya ofisini.

Sasa twende kwa Mwalimu.

Nukuu ya kweli ya mtu mkubwa huwa na mahali, tarehe na wasikilizaji. Mwalimu alikuwa mtu aliyerekodiwa sana. Hotuba na maandishi yake ya miaka ya mwanzo yalikusanywa katika vitabu vitatu vinene vilivyotolewa na Oxford University Press kati ya 1966 na 1973. Kanda zake zilitunzwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na redio ya taifa imekuwa ikizirusha katika kipindi cha Wosia wa Baba. Nina hakika baba mkwe wako anakijua. "Kupanga ni kuchagua" unaweza kuifuata mpaka mwaka 1969, alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo kwenye mkutano wa TANU. Maneno yake ya kumpiga Idi Amin, yale ya uwezo, sababu na nia, yana kanda yake ya mwaka 1978, na watu huyapanga kila mtu kwa mpangilio wake, jambo ambalo silioni kuwa dhambi. Lakini picha isiyosema wapi, lini wala kwa nani imeandikwa na mtu ambaye hakutaka umfuatilie.

Kalenda nayo inasaidia. Simu za mkononi zilianza kuingia nchini katikati ya miaka ya 1990, kwa hiyo ile ya 1985 imejifia yenyewe. Mwalimu aliacha urais 1985, akaacha uenyekiti wa CCM 1990, na vyama vingi vikarudi 1992. Ukikuta picha inayomwonyesha akiwa Rais huku akivisema vyama vya upinzani vya leo kwa majina, funga simu ukachemshe chai.

Ugumu uko kwenye mwaka 1995. Mwaka ule Mwalimu, akiwa mstaafu, alizungumza na waandishi wa habari Dar es Salaam, kisha akahutubia Mei Mosi pale Mbeya. Aliongea kwa kirefu juu ya rushwa, udini, ukabila, Muungano na aina ya rais anayetakiwa. Hotuba hizo zipo mtandaoni, za kweli kabisa, na ndizo zinazokatwa kuliko zote. Chama tawala kinakata kipande chake, wapinzani wanakata chao, na kila mmoja anaapa kwamba Mwalimu alikuwa wa kwao. Akimsema kiongozi mbaya, kipande kinawekewa picha ya kiongozi wa leo ambaye mwaka ule hakuna aliyemjua. Sauti ni yake, maneno ni yake, aliyesemwa ndiye amebadilishwa. Huo ndio mchezo wa shemeji yako, na kwa maoni yangu ni mbaya kuliko wa baba yake. Picha ya simu za 1985 inamfanya mtoto wa kidato cha pili acheke. Kipande cha Mei Mosi kinamdanganya mwalimu wa Historia. Siku hizi zimeongezeka na sauti zinazotengenezwa kwa akili mnemba, Mwalimu anaongea kabisa na kikohozi chake, lakini dawa ni ile ile: wapi, lini, kwa nani, na hotuba nzima iko wapi.

Usidhani pia ni ugonjwa wa Tanzania. Yako maneno maarufu kwamba hofu yetu kubwa haitokani na udhaifu wetu bali na nguvu tulizo nazo, ambayo dunia nzima inaamini Nelson Mandela aliyasema alipoapishwa mwezi Mei 1994. Kwenye hotuba ile hayamo. Ni ya mwandishi Mmarekani, Marianne Williamson, katika kitabu chake cha 1992. Ile ya wazungu waliokuja na Biblia wakatukuta na ardhi, tukafumba macho kusali, na tulipofumbua tukawa na Biblia wao wakawa na ardhi, ina picha ya Jomo Kenyatta kwenye simu moja na ya Askofu Desmond Tutu kwenye simu nyingine. Robert Mugabe ndiye aliyesemeshwa kuliko wote. Amepewa mawaidha ya ndoa, utani wa wanawake na mafumbo ya walevi, mpaka ubalozi wa Zimbabwe nchini Kenya ulilazimika kukanusha maneno aliyodaiwa kuwasema nayo Wakenya kwamba ni wezi. Ukitaka waliokwisha kuchunguza, Nukta Fakti na PesaCheck huandika kwa Kiswahili, na Africa Check iko kwenye kazi hiyo tangu 2012. Ukitaka kutafuta mwenyewe, chukua maneno manne au matano ya katikati, yale yasiyo ya kawaida, uyafunge kwa alama za nukuu kwenye Google. Yakitokea kwenye picha tupu, bila gazeti, kitabu wala kanda, umeshapata jibu. Na mwonyeshe mzee vile vishale viwili ambavyo WhatsApp huviweka juu ya ujumbe uliopita mikononi mwa watu wengi. Havisemi kama ni uongo, ila vinasema aliyemtumia naye alitumiwa.

Yote hayo hayatakusaidia kama utakwenda nayo kwa mzee kama hati ya mashtaka. Tazama upande wake. Huyu mtu amekua na redio. Ameishi miaka ambayo neno likitoka Radio Tanzania, hasa Mazungumzo Baada ya Habari, lilikuwa limeshapita kwa mhariri, na aliyelirudia kijijini alionekana mtu mwenye habari. Simu kwake imerithi kiti cha redio, na hakuna aliyemwambia kwamba mhariri hayumo ndani.

Halafu nikuulize. Baba akituma salamu zake mwenyewe, wangapi wanajibu? Akiandika, "Mahindi huku yamenyauka, mvua imekatika," wanajibu wangapi? Sijaliona grupu lenu, lakini nimeyaona magrupu ya ukoo, na najua mzee akisema lake watu hupita. Akimtuma Mwalimu, anapata vikono thelathini. Amegundua kuwa kwa sauti yake hasikilizwi, na kwa sauti ya marehemu anasikilizwa. Ningekuwa yeye, nami ningemtuma Mwalimu.

Na angalia huyu ni nani. Mwaka 1972 TANU ilikaa pale pale Iringa ikatoa tamko la Siasa ni Kilimo. Mkweo alikuwa na miaka ishirini na kidogo na kazi yake ikawa hiyo hiyo ya kilimo. Krismasi ya 1971, Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa, aliuawa Isimani katika ugomvi wa mashamba na ujamaa, na hakuna kijana wa Iringa wa wakati ule ambaye hakumbuki alikuwa wapi habari ilipofika. Operesheni Vijiji ikafuata. Mzee ameyaona mabati ya kwanza ya vijiji vile, na labda ameziona na nyumba zilizobomolewa ili watu wahame. Anamjua Nyerere ambaye wewe unamfundisha kwenye ubao. Halafu anaamka alfajiri kutuma maneno yaliyotungwa na kijana ambaye mwaka 1999 alikuwa bado yuko mgongoni kwa mama yake!

Kwa hiyo nenda kijijini. Peleka na watoto. Siku ya kwanza usiitaje simu kabisa. Ukipata nafasi mwambie ukweli wa darasani kwako, maana si uongo na humtegi: "Baba, wanafunzi wananiletea maneno ya Mwalimu, nikiwauliza aliyasemea wapi hawajui, na mimi mengine siyajui. Wewe ulikuwepo. Yapi uliyasikia kwa masikio yako?" Kisha nyamaza. Atakumbuka aliyoyasikia kwenye redio na aliyoambiwa na mabwana shamba wenzake, na atakumbuka pia ya kuumiza ambayo hakuna picha inayoyasema. Akikubali, umrekodi kwa simu yake mwenyewe, dakika mbili au tatu, na aitume mwenyewe kwenye grupu. Mume wako awe wa kwanza kumjibu, na ajibu kwa swali: "Baba, hapo ilikuwa kijiji gani?" Mtu akiulizwa swali atatuma nyingine.

Siku akikuonyesha picha yenye maneno anayoyapenda kweli, muulize, "Baba, haya ungeweza kuyasema wewe?" Kama jibu ni ndiyo, basi ayaseme kwa jina lake. Maneno mazuri hayapungui kwa kusemwa na bwana shamba mstaafu. Na kama anaona kwa jina lake yatakuwa makali mno, ya kuwakosea watu wa chama cha jirani, basi amwonee huruma na marehemu aliyefungiwa maneno hayo mdomoni.

Umeniuliza umwambieje wewe mkamwana. Kumwambia mzee kwamba amekosea si kazi yako, na hata mume wako aende taratibu. Lakini desturi zetu hazikumwacha mzee bila mtu wa kumwambia. Mjukuu ana utani na babu yake. Mkubwa wa watoto wako, kama ameshafika umri wa kusoma, aachiwe ile ya simu za 1985. "Babu, Mwalimu alikuwa na laini gani?" Akiambiwa hivyo na mjukuu, mzee atacheka na ujumbe utakuwa umefika. Maneno yale yale yakitoka kwa mwanawe, kwenye grupu, na vikatuni juu yake, ni matusi. Shemeji yako alikuwa na ukweli wote mkononi akautumia kumvua baba yake nguo. Mume wako amwambie hivyo faraghani, na amuulize vile vipande anavyovituma yeye hotuba zake nzima ziko wapi.

Darasani weka sheria moja: nukuu isiyo na mahali na mwaka haipati alama. Wape wanafunzi picha tano, za kweli na za kubuni, wakafuatilie kila moja ilikoanzia, na wawaulize babu zao. Watakasirika wiki ya kwanza.

Kujitoa kwenye grupu hapana. Ukitoka wewe, anayebaki kumjibu mzee ni shemeji. Zima sauti ya arifa mpaka saa tatu asubuhi, ulale.

Kwa mzee unaweza kusubiri likizo ya shule. Ujumbe wa yule mbunge usisubiri, mume wako auandike leo.